Spika Inayomjua Bibi Bila Kumwelewa

Mtu akifungua boksi la spika janja nyumbani kwake, mojawapo ya maombi ya mwanzo anayokutana nayo ni kusema. Simu inamwonyesha sentensi fupi za Kiingereza, naye anazisoma moja baada ya nyingine huku kifaa cha mezani kikimulika taa. Akimaliza, sauti yake imeshikwa. Anafuata mkewe, kisha kijana wa kidato cha pili. Sasa tuseme nyumba hiyo iko Dar es Salaam, spika imeletwa na ndugu anayefanya kazi Muscat, na yupo bibi aliyetoka Dimani, wilayani Kibiti, kuja kutibiwa macho. Naye anaitwa. Mjukuu anamtamkia neno, bibi anarudia, mpaka sentensi zinakwisha. Kuanzia hapo mashine inamjua.

Inamjua, lakini haimwelewi. Akiiuliza kwa Kiswahili kama mvua itanyesha Kibiti kesho, haitakuwa na la kumjibu. Echo ya Amazon ilitoka Marekani mwaka 2014, Google Home ikafuata mwaka 2016. Zote mbili zilianza na Kiingereza, zikaongezewa lugha kadhaa za Ulaya na Asia, na Kiswahili kikaachwa nje.

Wengi hudhani kumtambua mtu na kuyatambua maneno yake ni kazi moja. Ni mbili. Kumtambua msemaji ni kupima namna koo, kinywa na pua vinavyoitoa sauti, kisha kuhifadhi vipimo hivyo kama namba. Hapo lugha haina uzito mkubwa, na sentensi chache zinatosha. Kuyatambua maneno ni mzigo mwingine kabisa: mashine inahitaji maelfu ya saa za rekodi za watu wanaoongea lugha hiyo, pamoja na maandishi ya walichosema. Ndiyo maana Google iliweza kuifundisha spika yake kutofautisha watu sita wa nyumba moja Aprili 2017, na Amazon ikafanya jambo linalofanana Oktoba mwaka huohuo. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania kwenye huduma ya kuandika kwa sauti. Kwa hiyo simu ya mjukuu inaweza kuyaandika maneno ya bibi, lakini spika iliyo pembeni yake imebaki na alama ya koo lake tu.

Mpangilio huo umepinduka. Kampuni inapokea kitu cha ndani ya mwili wa mtu kabla haijampa huduma anayoweza kuitumia. Familia inayopokea kifaa cha namna hii ina haki ya kuruka hatua hiyo kwa wazee na watoto. Spika hupiga muziki na kutaja saa bila kumjua aliyeiomba ni nani.

Sheria ya nchi iko upande wa familia hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka alama za mwili na taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti hudai ridhaa ya maandishi. Kuna sababu ya kuichukua kwa uzito. Mei 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuhifadhi rekodi za sauti za watoto kupita kiasi, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 25.

Isitoshe, kufuli la sauti si imara kama watu wanavyodhani. Mei 2017, mwandishi wa BBC Dan Simmons alimpa pacha wake, Joe, simu ajaribu kuingia katika akaunti yake ya benki ya HSBC kwa kuigiza sauti yake. Si mapacha wa kufanana. Mfumo ulimkataa mara kadhaa, mwishowe ukamkubali. Nyumba zetu ni za ndugu wengi, mama na binti wanaopokea simu na mpigaji asijue amempata nani. Pesa ya familia isifungwe kwa kufuli hilo.

Pamoja na hayo, kuizuia sauti hakutoshi. Watu wa Delta ya Rufiji, kama bibi huyu, wakikaa kimya, siku Kiswahili kitakapoingia kwenye spika kitakuwa Kiswahili cha watu wengine. Marekani imeshaonyesha hali hiyo. Utafiti wa Allison Koenecke na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulipima mifumo ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wazungumzaji weupe mifumo ilikosea kama maneno 19 kati ya 100, kwa Wamarekani weusi 35. Wote walikuwa wakiongea Kiingereza, katika nchi yao wenyewe.

Kwetu tofauti ni nyingi zaidi. Kutoka Pangani kupita Dar es Salaam hadi Rufiji na Mafia, wataalamu wa lahaja huiita pwani hii ya Kimrima. Chini yake, Rufiji na Kibiti, kuna Kindengereko, lugha ambayo wazee wengi walianza nayo kabla ya Kiswahili. Eva-Marie Ström alipoandika sarufi yake mwaka 2013 aliiita Ndengeleko, kwa l, wakati wengi huandika kwa r. Herufi mbili hizo zinabadilishana nafasi mdomoni mwa mtu na mwenzake anaelewa bila kusita. Mashine iliyolelewa kwa sauti za watangazaji wa redio itasita.

Kuna na suala la kuhesabu saa. Bibi akitaka kuamshwa saa kumi na moja alfajiri, mashine iliyotafsiriwa tu kutoka Kiingereza itamwamsha saa tano asubuhi, jua limeshapanda na swala ya alfajiri imempita.

Mlango wa kuingiza sauti hizi upo. Mwaka 2021 Mozilla ilitangaza dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, na Kathleen Siminyu, Rebecca Ryakitimbo na Britone Mwasaru wakawa miongoni mwa waliouongoza huku kwetu. Kazi yenyewe ni nyepesi: mtu anasoma sentensi kwenye simu, wengine wawili wanasikiliza na kuthibitisha kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Rekodi zinawekwa wazi, mwanafunzi wa Dodoma anaweza kuzichukua sawasawa na kampuni ya California. Tofauti na spika, hapa mtu anajua anatoa nini na kwa ajili gani.

Tatizo ni hilo neno kusoma. Bibi wa Dimani mwenye macho mabovu, au asiyepita shule, hawezi kusoma sentensi kwenye kioo cha simu, na bado Kiswahili chake ndicho kinachokosekana. Anahitaji kuulizwa swali na kuachwa ajibu apendavyo, kisha mwingine aandike. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka, na halmashauri ina maofisa ugani wanaozunguka vijijini. Watu wa kuifanya kazi hii hawajakosekana.

Waende kwa msimu. Mpunga unapotoa masuke, familia za Rufiji huhamia shambani na kuishi katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, mchana kuamia ndege, usiku kufukuza nguruwe pori. Ni siku ndefu za kukaa, na watu huongea: habari za msiba, za bei ya ufuta, za maji. Mtafiti apande ngazi na simu inayorekodi bila kuhitaji mtandao, asome fomu ya ridhaa kwa sauti na kuieleza kabla ya kuomba saini au dole gumba, kisha aulize na kunyamaza. Akirudi msimu unaofuata, aje na kifaa kinachoweza kujibu swali ambalo hakika ataulizwa mle dunguni: bamvua la mwezi huu ni lini, na maji ya chumvi yatapanda mpaka shamba la nani?