Je, Filamu ya "Nine to Five" Imechuja?

Wapo wenzetu wanaodai kuwa filamu ya "Nine to Five", iliyotolewa Marekani mwaka 1980, imechuja kama kanga ya zamani. Husema kwamba taipureta zimekwisha na wakubwa wa namna ile hawapo tena, hivyo kilichosalia ni kicheko kitupu. Madai hayo hatuyakubali.

Kwanza tukiri kasoro zake. Mwongozaji Colin Higgins alizidisha vituko: sumu ya panya inatiwa katika kahawa kwa makosa, maiti ya mtu mwingine inaibwa hospitalini, na mkubwa wa ofisi anafungwa nyumbani mwake. Tena ule mzaha wa mwisho, kwamba mkubwa huyo alitekwa na wanawake wa msituni huko Brazil, hauwapi heshima watu wa nchi ile. Hayo kweli yamechuja, nasi hatuyatetei.

Lakini shina la hadithi li hai. Violet, anayeigizwa na Lily Tomlin, ni mjane mwenye watoto wanne. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi Bwana Hart. Hart akapanda, akawa mkubwa wake, akayatwaa mawazo yake na kuyaita yake. Nafasi ya cheo ilipopatikana, akapewa mwanamume. Katika hasira yake Violet halalamikii cheo peke yake, bali anamkataza Hart asimwite tena "msichana" wake. Yeye ni mwanamke, mtu mzima.

Hapo, ndugu walimu, ndipo tunapopaswa kutega sikio. Nani kati yetu asiyelijua neno "boi"? Mzee mwenye mvi na wajukuu aliitwa boi na kijana wa Kizungu aliyefika juzi. Neno lile lilimnyima utu uzima, maana mtoto hadai mshahara wa mtu mzima. Leo tunamlaani mkoloni, kisha tunamwita mama wa miaka arobaini "msichana wa kazi". Wanafunzi wetu huandika hivyo katika insha, nasi twatia alama ya vema.

Hebu tutazame na mwisho wa filamu. Violet na wenzake wawili, yaani Jane Fonda na Dolly Parton, wanaleta mabadiliko ofisini kwa jina la Hart: saa za kazi zenye nafasi, mahali pa kulelea watoto, na mshahara sawa kwa kazi sawa. Mwenyekiti wa kampuni anafika na kuyasifu, na sifa zote anapewa Hart. Ila mshahara sawa anaagiza ufutwe. Ikumbukwe kwamba sheria ya mshahara sawa ilikwisha kupitishwa Marekani mwaka 1963, miaka 17 kabla ya filamu hiyo. Basi kicheko kile kina uchungu ndani yake: haki imo kitabuni, mfukoni haimo.

Kwa maoni yetu, kichekesho huzeeka pale tu uovu kinaoucheka unapokufa. Uovu huu haujafa, na sehemu yake moja imejificha katika maneno tunayoyafundisha. Kwa hiyo, mwanafunzi atakapoandika tena "msichana wa kazi", tusiharakishe kutia vema. Tumwulize kwanza: ana umri gani?