TAHARIRI: Ajali Hii Ina Kinga

Wasomaji wetu wengi walioko Qatar wanakijua kisiwa cha The Pearl kuliko wanavyoijua miji mikuu ya nchi zao. Wapo Wakenya, Waganda na Watanzania wanaolinda milango ya minara ile usiku kucha, wanaosafisha vyumba vyake na kuendesha magari ya wenye nyumba. Kisiwa chenyewe kilianza kujengwa mwaka 2004 kwa kufukia bahari, na leo kina ukubwa wa karibu mita za mraba milioni nne.

Mlinzi wetu akiinua macho katika ukumbi wa mnara kama huo, huona vichwa vidogo vya chuma vimejipanga darini. Hivyo ni vinyunyizio vya kuzimia moto. Nyuma yake kuna bomba lenye maji yanayosukuma muda wote, na kila kichwa kimezuiwa na kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Moto ukiwaka, joto hupanda juu. Kichupa cha aina ya kawaida kikifika nyuzi 68 hivi hupasuka, na maji humwagika pale pale. Hakuna haja ya kubonyeza kitu wala kutafuta funguo. Na si kweli, kama sinema zinavyoonyesha, kwamba vyote hufunguka kwa pamoja. Hufunguka kile tu kilichofikiwa na joto.

Doha yenyewe haikujifunza bure. Tarehe 28 Mei 2012 jengo la maduka la Villaggio, upande mwingine wa jiji, lilishika moto na kuua watu 19. Kati yao 13 walikuwa watoto waliokuwa katika kituo cha kulelea watoto ndani ya jengo hilo. Tume ya serikali iliyochunguza ilisema wahusika hawakufuata sheria na masharti ya usalama. Watoto wale hawakuweza kujitoa wenyewe, na hapo ndipo inapoanzia hoja yetu ya leo.

Maana wapo pia watu wazima wasioweza kujitoa. Hao si kwamba hawana miguu, bali wamefungiwa mlango kwa amri ya Serikali. Tunawazungumzia wafungwa, mahabusu, na wagonjwa wa akili waliolazwa katika wodi zinazofungwa kwa ufunguo.

Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega, Burundi, liliwaka moto. Serikali ilitangaza vifo 38, na ikasema chanzo ni hitilafu ya umeme. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, 12 waliungua na 26 walikosa hewa kwa ajili ya moshi. Gereza lile lilijengwa kwa watu 400, lakini lilikuwa na zaidi ya 1,500. Idadi kama hiyo hiyo ya watu, 38, walikufa Aprili 2013 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Ramensky, nje ya Moscow, iliyokuwa na nondo madirishani. Na katika gereza la Comayagua nchini Honduras, Februari 2012, walikufa zaidi ya watu 350, wengi wao wakiwa nyuma ya milango ambayo hakuna aliyefika kuifungua.

Kila yanapotokea maafa ya namna hii, viongozi hufika, hutoa pole, na msemaji mmoja hukumbusha kwamba ajali haina kinga. Tunasema hapana. Ajali ya barabarani huenda ikakosa kinga. Moto katika chumba kilichofungwa kwa nje una kinga, na kinga hiyo inajulikana.

Tunajua jibu litakalotolewa. Wakubwa wa magereza watasema wafungwa watavivunja vinyunyizio ili wafurishe vyumba, au watang'oa vyuma wavitumie kama silaha. Madaktari nao watasema, kwa haki kabisa, kwamba mgonjwa aliyekata tamaa anaweza kufunga kamba kwenye kichwa kilichochomoza darini akajinyonga. Hofu hizi ni za kweli, wala hatuzidharau.

Lakini zimekwisha kupatiwa dawa siku nyingi. Vipo vinyunyizio vilivyotengenezwa mahsusi kwa magereza na hospitali za akili. Vimelazwa sawa na dari au ukuta, havina pa kushika wala pa kufunga kamba, na haviwezi kufunguliwa bila kifaa maalumu anachokuwa nacho fundi. Mtu akijaribu kuning'inia, kichwa hukatika kabla ya kumbeba. Na kwa wanaohofia mafuriko, upo mfumo ambao mabomba yake hukaa matupu, na maji hayaruhusiwi kuingia mpaka kifaa cha kunusa moshi kithibitishe kuwa kweli kuna moto. Kwa hiyo mfungwa akivunja kichwa kwa hasira, kengele italia, lakini chumba hakitafurika.

Sisi tunaoandika haya si wageni wa milango hiyo. Baadhi yetu, kabla ya kukimbia nchi, tulilala mahabusu kwa sababu ya kalamu. Usiku wa kwanza tulihofia kipigo. Usiku wa pili tulianza kutazama waya za umeme zilizochunika juu ya vichwa vyetu, na kumsikiliza askari mwenye funguo akienda kunywa chai mbali. Hatukusoma popote kuhusu vinyunyizio siku hizo; tulijua tu kwamba likitokea la kutokea, maisha yetu yako katika mfuko wa suruali ya mtu mmoja.

Tunajua pia kwamba vifaa peke yake havitoshi. Kinyunyizio bila tangi, pampu na fundi wa kukikagua ni pambo la dari, na hakiwezi kuwa kisingizio cha kurundika watu 1,500 mahali pa 400. Fedha nazo ni chache. Lakini haidaiwi miujiza. Ianzwe na vyumba vinavyofungwa usiku, ianzwe na majengo mapya ambayo bado yako kwenye michoro, na ukarabati wowote wa gereza au wodi usipite bila mabomba hayo.

Kwa hiyo tunaziuliza wizara zinazosimamia magereza na hospitali za Mathari kule Nairobi, Mirembe kule Dodoma na Butabika kule Kampala: ni wodi na seli ngapi zinazofungwa kwa ufunguo, ni ngapi zenye maji darini, na usiku funguo ziko kwa nani? Wabunge wanaweza kuyapata majibu hayo kwa swali moja bungeni, na wananchi wana haki ya kuyasikia.

Mlinzi wetu wa The Pearl hulinda usingizi wa watu wenye maji juu ya vichwa vyao, ilhali milango yao haijafungwa kwa nje. Kama ana ndugu gerezani au wodini nyumbani, ndugu huyo ndiye anayeyahitaji maji hayo zaidi. Serikali inapomfungia mtu mlango, huwa imemnyang'anya miguu yake. Basi impe maji.