Mke wa Mtumishi na Pensheni Isiyo na Jina Lake

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja wa kijijini kwetu, mke wa mwalimu mstaafu. Niseme aliyekuwa mke, maana talaka ilitoka baada ya ndoa ya miaka 31. Katika miaka hiyo mumewe alihamishwa vituo vinne, na kila uhamisho ulimkuta mama huyu ana shamba au genge lililokwisha kushika. Akaliacha, akamfuata mume. Aliniuliza: “Mwanangu, wewe umesoma. Niende ofisi ipi nikadai sehemu yangu ya pensheni?”

Shahada yangu ya uzamivu haikunisaidia. Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018 inamtambua mwenza kama mtegemezi, na zamu yake hufika mwanachama anapofariki. Mwanachama akiwa hai, pensheni ni yake.

Tumebishana sana juu ya kikokotoo, na tulikuwa na haki ya kubishana. Lakini ubishi wote ulihusu mwanachama apate kiasi gani. Mimi mwenyewe niliandika humu kuhusu jambo hilo, wala sikumtaja mwenza hata mara moja.

Marekani walimtaja mapema. Sheria yao ya hifadhi ya jamii ni ya mwaka 1935. Mwaka 1939 wakaiongezea mafao ya wake na wajane. Leo mwenza asiye na michango yake, akifikia umri kamili wa kustaafu, anaweza kulipwa hadi nusu ya stahili ya mwenzake aliye hai, bila huyo kupunguziwa hata senti. Mtalaka pia anaweza kustahili, iwapo ndoa ilidumu miaka 10. Hata hivyo, sishauri tuuige mfumo huo. Mifuko yetu haina ubavu wa kulipa nyongeza kama hiyo, na aliyechangia kidogo kazini huweza kuambulia sawasawa na asiyechangia kabisa.

Ujerumani inanivutia zaidi. Tangu mwaka 1977, ndoa ikivunjika, haki za pensheni zilizochumwa ndani ya ndoa hugawanywa. Hapo mfuko haulipi mara mbili. Kinachogawanywa ni kile kile.

Nasi msingi tunao. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu kwa sababu nyingine, lakini kanuni ilibaki. Bunge lingeweza kuitamka waziwazi kanuni hiyo katika sheria ya mifuko, kwa kifungu kimoja tu.

Mama yule nilimpeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria, adai haki yake katika nyumba iliyojengwa kwa fedha za mkupuo. Kuhusu ile pensheni ya kila mwezi, sikuwa na karatasi ya kumpa.