Chumba cha Giza Hakijafa

Vijana wa nyumbani kwangu wana neno moja wanalolitumia kunimaliza kila tunapobishana. Neno lenyewe ni "imehifadhiwa". Ukiwauliza picha ya arusi ya fulani iko wapi, watakujibu imehifadhiwa. Wapi? Kwenye simu. Na simu iko wapi? Ilitumbukia majini, lakini picha zimehifadhiwa huko juu. Huko juu ni wapi, na ufunguo wa huko juu anao nani, hapo mazungumzo huishia. Nimefundisha watoto miaka 38, naijua sauti ya mwanafunzi anayetaja jibu asilolielewa.

Naandika haya kwa sababu mjukuu wangu mmoja, ambaye nampenda na ambaye si mjinga, alisema mbele ya wageni kwamba kusafisha picha kwa mkono katika zama hizi ni sawa na kutwanga mpunga ilhali mashine ya kukoboa iko mlango wa pili. Wageni walicheka. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo.

Kazi hii nilijifunza mwaka 1971 katika chuo cha ualimu kilichokuwa nyanda za juu, mahali ambapo maji ya bomba yalikuwa baridi yenyewe bila kuombwa. Mkufunzi wetu wa sayansi aligeuza stoo ya ramani kuwa chumba cha giza: blanketi dirishani, taa nyekundu, mashine ya kukuzia iliyokuwa kuukuu tayari, na mabeseni matatu. Beseni la kwanza lilikuwa na dawa ya kuitoa picha. La pili lilikuwa na maji yaliyotiwa siki, ya kuizuia dawa ile isiendelee kula karatasi. La tatu lilikuwa na dawa ya kuigandisha picha isije ikaharibiwa na mwanga. Dawa hii ya tatu Waingereza huiita kwa kifupi jina ambalo masikioni mwetu ni "haipo", basi kila Jumamosi mkufunzi alipouliza, "Haipo ipo?" tuliitika kwa sauti moja, "Haipo ipo, Mwalimu!" na wapishi waliokuwa ng'ambo ya ua wakatuona wendawazimu.

Watetezi wengi wa picha za mkono hukimbilia kusimulia ule muujiza wa karatasi nyeupe kulowekwa na sura kujitokeza polepole ndani ya maji, kwanza nywele, kisha macho. Ni kweli, na mimi pumzi hunikatika kidogo hadi leo. Lakini muujiza si hoja. Mtoto mdogo hustaajabia hata njiti ya kiberiti. Tukisimama hapo, vijana wana haki ya kutucheka.

Hoja yangu inaanzia kwenye uso wa mtu mweusi. Piga picha ya Darasa la Saba, watoto 40 waliovaa mashati meupe, saa sita mchana, jua liko utosini. Kwenye mkanda shati limepata mwanga tele na uso umepata kiduchu. Wakati wa kuikuza, ukiipa karatasi mwanga unaolifaa shati, nyuso zote zinakuwa makaa, yakabaki meno. Ukiipa mwanga unaoufaa uso, shati linatoweka likawa doa jeupe. Mashine haina la kufanya ila kuchagua moja, au kukata katikati na kuudhulumu uso na shati pia. Wakubwa wa kazi hii huko ughaibuni hawakulala usingizi mbaya kwa ajili hiyo. Kwa miaka mingi maabara zilizotumia bidhaa za Kodak zilipima rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na kadi hizo zikapewa jina Shirley. Shirley akionekana vizuri, kazi imekwisha. Sisi tusiofanana na Shirley tulirudishiwa bahasha zetu kutoka studio za mjini tukiwa tumeungua, na tukalipa.

Mkono haufanyi hivyo. Mkufunzi wetu alikata kipande cha boksi la chaki, mviringo kama sarafu, akakichomeka kwenye ncha ya waya wa spoku ya baiskeli. Mwanga wa mashine ukiwaka sekunde 14, kile kipande hukitembeza juu ya uso wa mtoto kwa sekunde 4 au 5, unakitikisatikisa kisiache alama, na kivuli chake huuzuia uso usiungue. Kisha unaziba nyuso kwa viganja na kuliongezea shati mwanga wake. Watoto 40, nyuso 40, na hakuna mbili zenye weusi mmoja. Mwenye kazi ile alilazimika kumtazama kila mtoto na kuamua: huyu anahitaji kiasi gani? Sijui mwalimu anahitaji zoezi gani bora kuliko hilo.

Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kamera ya simu iliyorekebishwa ili itoe ngozi nyeusi kwa haki zaidi. Nawapongeza. Sisi tulifanya hivyo mwaka 1971 kwa spoku na boksi la chaki.

Sasa nirudi kwenye neno "imehifadhiwa", maana ndilo lililonichoma.

Shule moja niliyopata kuiongoza ilikuwa na albamu za kila Darasa la Saba, picha nilizozipiga na kuzisafisha mwenyewe kuanzia mwaka 1979. Baada ya mimi kustaafu, alikuja mtu mwenye mashine ya kunakili, akazinakili zote kwenye kompyuta ya ofisi, na albamu zile zilizokwishaliwa pembe na mchwa zikachomwa pamoja na madaftari ya mitihani ya zamani. Waliniambia kwa furaha, kama watu walionitua mzigo: Mwalimu, zimehifadhiwa. Miaka mitatu baadaye kompyuta ile ilikufa kwa radi. Nakala nyingine? Hapakuwa na nakala nyingine. Simlaumu aliyewasha moto, alikuwa amefundishwa kwamba kitu kikishaingia kwenye kompyuta kimeingia mbinguni.

Kuna negativu ya karatasi aliyoitengeneza Mwingereza Talbot mwaka 1835, ya dirisha la nyumba yake pale Lacock, ndogo kama stempu, na ipo hadi leo. Seydou Keïta wa Bamako alifungua studio yake mwaka 1948, na kwa kuwa alizitunza negativu zake, mwaka 1994 watu wa Paris walijipanga kuzitazama picha za watu wa Mali waliokuja kwake na nguo zao za sikukuu. Hakuna aliyehitaji neno la siri kumfungua Keïta. Negativu huinua ukaitazama juani, ukajua ni nani. Na picha iliyosafishwa vizuri kwenye karatasi ni fedha tupu. Sisemi fedha ya dukani, nasema madini yenyewe, chembe za fedha zilizogandishwa juu ya karatasi, na ikioshwa kwa maji ya kutosha itamzika aliyeitengeneza na wanawe. Mimi ninazo disketi za mitihani ya shule ambazo leo hazina hata tundu la kuingia.

Mwaka juzi alikuja kwangu kijana wa miaka thelathini na kitu, amesafiri kwa basi tangu alfajiri. Mama yake alimaliza shule yetu mwaka 1984 na kufariki yeye akiwa hajaanza kutembea. Picha pekee iliyokuwapo iliharibika nyumba ya bibi yake ilipoanguka kwa mvua. Alikwenda shuleni kuuliza, akaambiwa habari ya radi.

Albamu ziliungua, lakini negativu sikuwahi kuzikabidhi. Ziko kwangu, kwenye makopo manne ya maziwa ya unga, pamoja na vifuko vya mchele vya kunyonya unyevu. Tulimtafuta mama yake mchana kutwa. Tulipompata, mjukuu wangu alishika simu, akaipiga picha negativu ile juu ya kioo, akaigeuza rangi, na kabla sijamaliza chai sura ilikuwa imeshafika kwa shangazi zake yule kijana, Mwanza na Muscat. Nakiri hilo, na nakiri kwamba shangazi mmoja alilia kwenye simu hadi tukaogopa. Chumba changu cha giza hakiwezi kufika Muscat. Sijapata kusema kinaweza.

Lakini kijana hakuondoka. Alisema, "Mwalimu, hii nimeiona. Nataka ya kushika."

Basi usiku ule nikafunga bafu. Hapa pwani maji yana joto la kuivisha picha kabla hujajiandaa, kwa hiyo huelea chupa za barafu kando ya mabeseni. Karatasi nilikuwa nayo, kasha la Ilford aliloniletea mwanafunzi wangu wa zamani aishiye Uingereza, bei yake sitaitaja nyumbani. Naam, ni ghali, na dawa zake hazimwagwi ovyo, na wapo vijana wa mijini walioligeuza jambo hili kuwa pambo la wenye nacho, wanaipiga picha kamera ya zamani kwa simu ili watu waone kwamba wanayo. Hao siwatetei.

Mama yake alikuwa mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kulia, kivuli cha mwembe kimemwangukia nusu ya uso. Karatasi ya kwanza akatoka makaa. Ya pili nikamzuilia mwanga sekunde 5, akatoka kama mgonjwa. Ya tatu sekunde 3 na nusu, mkono wangu umezeeka na unatikisika, na kwa kazi hii mtikisiko si aibu. Kijana alisimama kando yangu kwenye taa nyekundu. Msichana wa miaka 14 akaja juu ndani ya dawa, akitabasamu kwa jambo lililosemwa na mtu asiyeonekana. Kijana hakusema kitu kwa muda. Kisha akapeleka kidole kwenye meno yake mwenyewe ya mbele.

"Kumbe mwanya ni wake," akasema.

Kwenye nakala ya simu mwanya ule haukuonekana, ulikuwa umezama katika kivuli. Mjukuu wangu aliirudia simu yake, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama tena. Sikumwambia neno.

Karatasi zimebaki 11. Wa mwaka 1986 wameshaanza kuniandikia.