Anga likifungwa, nauli ya abiria wa Kindu inarudi?

Familia inayoishi Kama, katika eneo la Pangi, hulazimika kufika Kindu kwanza ili kupata ndege ya kwenda likizo Kinshasa. Ikiambiwa uwanjani kwamba serikali imesimamisha safari, tayari imetumia pesa za barabara, malazi na chakula. Linabaki swali la nauli ya ndege: nani anairudisha?

Jambo hili limekwisha kutokea. Machi 24, 2020, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura kutokana na Uviko-19 na kuitenga Kinshasa na majimbo. Viwanja vilifunguliwa tena kwa abiria Agosti 15. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma na uwanja wake ukafungwa; Februari wakachukua uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu.

Katika hali kama hizo, mashirika ya ndege husema si wao waliofunga anga. Ni kweli, lakini hoja hiyo inahusu fidia, yaani malipo ya hasara aliyopata abiria. Kurudishiwa nauli ni suala jingine: ni pesa ya huduma ambayo haikutolewa.

Ulaya imetenganisha mambo hayo mawili waziwazi. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 huliondolea shirika mzigo wa fidia panapotokea jambo lisiloepukika, lakini safari ikifutwa abiria anaweza kudai nauli yake, nayo ilipwe ndani ya siku 7. Machi 2020 Tume ya Ulaya ilisisitiza kwamba hati ya kusafiri baadaye hutolewa abiria akikubali tu. Mashirika yalilalamika, chama chao cha kimataifa, IATA, kilikadiria nauli za kurudishwa katika robo ya pili ya mwaka huo kuwa dola bilioni 35.

Kwa hiyo mwana wa Maniema anayeishi Ubelgiji na kurudi nyumbani likizo anaweza kuwa na haki mbili tofauti mfukoni. Tiketi ya Brussels hadi Kinshasa inalindwa na kanuni hiyo. Tiketi ya Kinshasa hadi Kindu, ikinunuliwa kando, hailindwi. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kongo imejiunga nao, unahusu safari za kimataifa tu.

Safari ya ndani inategemea sheria za Kongo na masharti ya tiketi. Amri ya Julai 30, 1888 kuhusu mikataba, ambayo ni msingi wa sheria ya madai nchini, humwondolea fidia mtu aliyezuiwa na nguvu isiyoweza kushindwa. Lakini kusamehewa fidia si ruhusa ya kubaki na pesa ya safari ambayo haikufanyika.

Abiria anayetaka kudai atunze tiketi, risiti au ujumbe wa malipo ya simu, na tangazo la kufutwa kwa safari. Adai kwa maandishi yenye tarehe, na asitie sahihi kwenye hati ya safari ya baadaye kama anachotaka ni pesa. Akinyimwa, mlango unaofuata ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC, ambayo makao yake yako Kinshasa, mji uleule ambao ndege imeshindwa kumfikisha.