TUTAFUTE SUMU, TUSITAFUTE MCHAWI

Ndugu wanakijiji,

Samaki wamekufa kijitoni kwetu, na ng'ombe wawili pia. Tayari maneno yanatembea kilabuni kwamba kuna bibi fulani ametia mkono wake. Tunasema wazi: maneno hayo yakome! Maji hayaharibiwi na macho mekundu ya mzee. Yanaharibiwa na kitu kilichomwagwa, na kitu hicho kina mahali kilipotoka.

Hebu tufikiri pamoja. Sababu ni hizi:

(a) Dawa ya pamba. Mtu anaosha bomba lake kijitoni, anatupa na makopo. Samaki wanakufa wakubwa kwa wadogo, na wadudu wa majini pia.

(b) Josho. Dawa ya kupe ikimwagwa ovyo, mvua inaishusha bondeni.

(c) Utupa. Wapo wanaotwanga majani yake wapate samaki bila jasho. Huo siyo uvuvi.

(d) Samadi na uchafu unaooza. Huo unamaliza hewa iliyomo majini. Alfajiri utawaona samaki wanahema juu juu.

Sasa tutajuaje? Tupande na kijito kwa miguu. Pale mizoga inapoishia, na juu yake samaki wazima wanaogelea, basi sumu imeingia karibu na hapo. Tuandike siku, saa, na mvua ilinyesha lini. Tuchote chupa safi moja juu na moja chini, tumpe Bwana Afya azipeleke maabara. Jina la sumu halijulikani kwa macho.

Wengine wanasema tuchemshe tu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu. Dawa ya pamba hakuiondoi. Kwa sasa tusinywe maji yale, tusinyweshe mifugo, tusile samaki wa kuokota. Tuchote kisimani, hata kama ni mbali.

Tukumbuke mwaka 1999. Nchi za Ulaya zilikataa samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Waliomwaga ni wachache, waliokosa soko ni wengi.

Jumamosi saa 12 asubuhi tukutane ofisi ya ushirika, kila balozi na watu wake. Aliyemwaga kitu aje aseme mapema. Tunataka kuijua sumu, hatutaki kumpiga mtu.

Kusoma tumejifunza. Sasa tukasome kijito chetu.

Katibu