Ukoo, Mirathi na Biashara za Wachina

Ufanisi wa wafanyabiashara wa Kichina aghalabu huelezwa kwa neno moja: utamaduni. Twaambiwa kwamba Wachina huyafuata mafunzo ya Confucius, huwatii wazee na huweka akiba, basi biashara zao lazima zisitawi. Wanafunzi wetu huyakariri haya katika insha zao bila kuyahoji. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, mwanasosholojia Mjerumani Max Weber alidai kwamba mafunzo hayo hayo, pamoja na nguvu za ukoo, yaliuzuia ubepari kuchipuka Uchina. Katika miaka ya 1980 wataalamu wengi waligeuka wakayasifu kuwa siri ya utajiri wa Hong Kong, Taiwan na Singapore. Uchumi wa Asia ulipotikisika mwaka 1997, lawama zikarejea pale pale: eti ni udugu na upendeleo. Neno linaloeleza kupanda na kushuka kwa namna hii halielezi lolote. Afadhali tuliache, tutazame desturi moja mahususi, yaani mirathi.

Ithibati ya kwanza imo katika lugha. Mswahili aliyezoea kutofautisha baba mkubwa, baba mdogo na mjomba hatashangaa kusikia kwamba Mchina naye humwita kaka wa babake bobo, mdogo wa babake shushu, na ndugu wa kiume wa mamake jiujiu. La ajabu zaidi liko kwa wale sisi tunaowaita binamu. Watoto wa ndugu wa kiume wa baba huitwa tang, neno lenye maana ya ukumbi, yaani ukumbi wa nyumba ya wahenga. Wengine wote ni biao, neno lenye maana ya upande wa nje. Msamiati huu si pambo. Aliyemo ukumbini ana jina la ukoo na fungu katika mali. Aliye nje hana.

Sasa, desturi ya kale ya Uchina iliwapa wana wote wa kiume mafungu sawa. Waingereza wenye mashamba makubwa walimwachia kifungua mimba. Wajapani nao walimchagua mrithi mmoja, na walipokosa mwana aliyefaa, walimfanya mkwe kuwa mwana. Mchina aliigawa nyumba. Maadamu baba yu hai, ndugu hufanya kazi kwa ujira mdogo, siri hazitoki nje, na uamuzi hukatwa mezani baada ya chakula. Akishafariki, kila mmoja hudai chake. Ndiposa Wachina wenyewe wana msemo kwamba utajiri hauvuki vizazi vitatu.

Chukua mfano wa Lee Kum Kee, watengenezaji wa mchuzi wa chaza, iliyoanzishwa mwaka 1888 katika jimbo la Guangdong. Mara mbili, katika miaka ya 1970 na ya 1980, ndugu waligombana hadi upande mmoja ukalazimika kununua hisa za mwingine. Ukoo huo ulipochoka uliunda baraza la familia na kujiwekea katiba: mwanafamilia asichelewe kuoa, asitaliki, wala asiwe na hawara, la sivyo aondoke katika halmashauri ya wakurugenzi. Waweza kucheka, msomaji, lakini kila ndoa ya pili huleta warithi wapya na huenda ikaleta kesi.

Hatari ya pili ni kutomwamini mtu wa nje. An Wang, mzaliwa wa Shanghai, alianzisha Wang Laboratories nchini Marekani mwaka 1951, na mashine zake za kuandalia maandishi zikaenea maofisini. Mwaka 1986 alimkabidhi mwanawe Fred urais wa kampuni, ilhali walikuwapo mameneja wenye uzoefu mkubwa zaidi. Mwaka 1989 akalazimika kumwondoa. Alifariki mwaka 1990, na mwaka 1992 kampuni ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Kompyuta ndogo za mezani zilichangia pakubwa anguko hilo, lakini saa ya hatari usukani ulikuwa mkononi mwa mrithi.

Li Ka-shing wa Hong Kong alijaribu njia nyingine. Mwaka 2012 alitangaza kwamba kifungua mimba wake atachukua kampuni, na mdogo wake atapewa fedha za kuanzishia biashara zake. Alistaafu mwaka 2018 bila vita vya ndugu.

Uchina bara lakini wengi hawana ndugu wa kugawanya nao. Kampuni binafsi zilichipuka baada ya mageuzi ya mwaka 1978, na sera ya mtoto mmoja ikadumu hadi mwisho wa 2015. Waasisi wamezeeka. Hasa mijini, mrithi mara nyingi ni mmoja tu, pengine asiyetaka kiwanda. Mtoto wa mama na baba waliozaliwa peke yao hana shushu wala jiujiu. Maneno anayo, watu hana. Ukumbi umebaki mtupu.

He Xiangjian, mwasisi wa Midea, watengenezaji wa vipoza hewa na majokofu, alikuwa na mwana. Hata hivyo, mwaka 2012 alimwachia uenyekiti Fang Hongbo, mwajiriwa aliyesomea historia chuoni na kuingia kampuni hiyo mwaka 1992 kuhariri jarida la wafanyakazi.